Mbio za Siku ya Mvua

Somo la mwezi huu. Maandiko ya kusoma nyumbani: Waebrania 12:1-13

Mwezi huu tusome habari ya mbio. Tunajua mmekwisha kulisikia somo hili mara nyingi, maana sisi wahubiri tunapenda sana mfano wa mkimbiaji. Lakini yule tunayemhubiri ni mkimbiaji wa siku ya jua, mwenye njia kavu na watu wa kumpigia makofi. Safari hii tuwatazame waliokimbia katika mvua.

Katika mji wa Boston, Marekani, kuna mbio za marathoni zinazofanyika tangu mwaka 1897. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Wakimbiaji wanaanzia mji mdogo wa Hopkinton na kuelekea mashariki mpaka Boston. Jumatatu ya tarehe 16 Aprili 2018 mvua kubwa ilinyesha, baridi ilikuwa kali, na upepo ulitoka hukohuko mashariki. Basi watu zaidi ya 25,000 walipigwa na upepo usoni karibu njia nzima.

Tujue kwanza mvua ya namna hiyo inaufanya nini mwili. Nguo iliyolowa inaondoa joto la mwili upesi kuliko nguo kavu, na upepo unazidisha. Mtu anatetemeka, na kutetemeka kunakula nguvu aliyoiweka kwa ajili ya safari. Vidole vinakufa ganzi. Baridi ikizidi, ulimi unakuwa mzito, miguu inajikwaa, na akili inachanganyika, hata mgonjwa mwenyewe hajui kwamba anaumwa. Ni lazima mwenzake amwone. (Akina mama, hili si la Marekani tu. Mtoto aliyenyeshewa kwenye foleni ya mgao avuliwe nguo za maji, akaushwe, afunikwe blanketi kavu, apewe kinywaji cha moto. Akianza kusinzia au kusema ovyo, msingoje asubuhi, mpelekeni zahanati.)

Siku ile wakimbiaji wengi mashuhuri waliacha njiani. Katika wanawake alikuwako Desiree Linden, Mmarekani, ambaye mwaka 2011 alikosa ushindi wa Boston kwa sekunde 2 tu, nyuma ya Caroline Kilel wa Kenya. Mwaka huu wa 2018 alijisikia vibaya mapema sana, akadhani hatamaliza. Akamwambia mwenzake Shalane Flanagan kwamba, kwa kuwa huenda ataacha, kama anahitaji msaada wowote amwambie. Baadaye Flanagan alilazimika kuingia chooni kando ya njia. Linden akapunguza mwendo akamngoja, kisha wakakimbia pamoja kuwafuata wengine. Halafu akamsaidia na Molly Huddle, aliyekuwa ameachwa, akitangulia mbele yake ili amkingie upepo.

Anayekimbia nyuma ya mwenzake hapigwi na upepo sana. Wa mbele ndiye anayelipa gharama. Linden alilipa gharama hiyo akiwa amekwisha kujihesabu kwamba ameshindwa. Lakini wale waliokuwa mbele walianza kuchoka mmoja mmoja, akawapita, akafika wa kwanza kwa saa 2, dakika 39 na sekunde 54. Tangu mwaka 1978 hakuna mwanamke aliyeshinda Boston kwa muda mrefu hivyo. Wa pili alikuwa muuguzi, Sarah Sellers, ambaye watazamaji wengi hawakumjua kabisa. Kwa wanaume, Geoffrey Kirui wa Kenya aliongoza kwa zaidi ya dakika moja, kisha baridi ikamshinda nguvu. Karibu na mwisho akapitwa na Yuki Kawauchi wa Japani, mtumishi wa ofisi ya shule aliyekuwa akifanya mazoezi nje ya saa za kazi. Tarehe 1 Januari mwaka uleule Kawauchi alikuwa amekwisha kukimbia marathoni nyingine katika jimbo hilohilo, penye baridi ya kugandisha maji.

Hapa tuwe waangalifu. Tusifundishe kwamba ukimsaidia mtu utapata zawadi ya kwanza. Flanagan aliyesaidiwa hakushinda, na Kirui hakufanya kosa lolote kwa kutangulia. Tunachokiona ni kwamba mvua ilibadilisha hesabu ya siku, na muda ambao mwaka mwingine ungekuwa aibu ukawa wa ushindi.

Sasa fungueni Waebrania 12. Wengi wetu tunasoma mistari miwili ya kwanza, habari ya mbio na saburi, halafu tunafunga kitabu. Endeleeni mpaka mstari wa 12 na 13. Mwandishi hajaacha mfano wake. Anataja mikono na magoti yaliyoishiwa nguvu, na njia inayonyoshwa ili aliye kilema asipotee. Mbio hizi zina kilema ndani yake, naye hakuambiwa atoke.

Sisi tuliokimbia vita tunalielewa hili kwa miguu. Tulitembea usiku katika matope, na kila kundi lilikuwa na mama mwenye mapacha au mzee wa magoti mabovu. Kuna waliongoja, na kuna walioshindwa kungoja. Hatuwahukumu. Ila hapa kambini tunakimbia bado, na mvua ni nyingine. Familia moja jina lake limebandikwa ubaoni kwa usaili, jirani yake aliyefika mwaka mmoja naye hajaitwa. Aliyeitwa anaanza kujificha, asiyeitwa anaanza kununa, salamu zinakatika.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni: Katika mtaa wetu ni nani hatumwoni tena ibadani tangu kesi yake ikataliwe? Nani ataenda kwake wiki hii, na atamkingia upepo kwa kitu gani: kuni, kumshikia mtoto, kumsindikiza ofisini? Na wewe unayejihesabu umeshindwa, nani yuko karibu nawe anayehitaji kungojwa?