Marigoldi: Ua Linalolinda Nyanya

Watu wengi husema kwamba maua hayaliwi, kwa hiyo kuyapanda nyumbani ni kupoteza ardhi na maji. Kwa marigoldi neno hilo si kweli. Asili ya ua hili ni Meksiko. Wahispania walipeleka mbegu zake Ulaya katika karne ya 16, na huko India watu huyatunga mashada ya arusi na ya ibada. Kwetu Songea laweza kufanya kazi iliyo bora zaidi, nayo ni kulinda mizizi ya mboga.

Ukiona mnyanya umedumaa, tena wanyauka mchana ingawa umemwagiliwa, ung'oe uitazame mizizi yake. Ikiwa ina vinundu vingi, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho. Hushambulia nyanya, bamia, bilinganya, na hata tumbaku. Mizizi ya marigoldi ina sumu inayowadhuru minyoo hao udongoni.

Kwetu mvua aghalabu huisha mwezi wa Aprili. Basi yafaa kupanda mbegu mwezi wa Machi, ili tuta liwe tayari kwa nyanya za kumwagilia mwezi wa Juni. Lima tuta mahali penye jua, ulainishe udongo. Samadi iwe kidogo, kwani ikizidi utapata majani mengi na maua machache. Piga mifereji yenye kina cha nusu sentimita, utie mbegu, uzifukie, kisha utandaze nyasi kavu juu. Mbegu huota baada ya siku 5 hadi 10. Zikichomoza tu, ondoa nyasi. Miche ikipata majani manne, ipunguze, uache sentimita 15 kati ya mmoja na mwingine. Palilia sana, maana magugu nayo hulisha minyoo.

Wengi hupanda mashina mawili matatu kando ya nyanya, kisha husema dawa haifai. Sumu hiyo hufanya kazi karibu na mizizi tu. Hapana budi marigoldi ijaze tuta zima, ikae miezi miwili au mitatu, ndipo ilimwe na kufukiwa. Haimalizi minyoo wote. Wakizidi tena, panda tena.

Acha mashina machache kwa mbegu. Maua yakikauka kabisa yachume, uzitoe mbegu zake nyeusi zenye mkia mweupe, uziweke katika karatasi mahali pakavu.

Wazazi wetu, wenye shaka na wajaribu. Gawa tuta moja sehemu mbili: nusu panda marigoldi, nusu nyingine panda bamia. Baadaye panda nyanya tuta zima. Mavuno yakiisha, ng'oeni mashina ya pande zote mbili mhesabu vinundu. Mizizi yenyewe itawajibu.