Kabla ya kununua mfumo wa jengo

*Mimi ni msimamizi wa jengo la ofisi za serikali hapa Dodoma. Hitilafu zote huandikwa kwenye daftari la mapokezi. Sasa wakubwa wanataka mfumo wa kompyuta wenye vihisio vya maji na umeme, na mzabuni ameshaleta maelezo. Mafundi wangu wanahofia kazi zao. Nianzie wapi?*
Msimamizi, Dodoma

Ndugu Msimamizi,

Anza na hilo daftari. Pitia kurasa za mwaka mzima uhesabu: pampu imekwama mara ngapi, vyoo vipi vinaziba kila mara, na tangu kuripotiwa hadi kutengenezwa zilipita siku ngapi. Nadhani utakuta tarehe nyingi za matengenezo hazikujazwa. Hapo ndipo penye ugonjwa. Kihisio kitakuambia tenki limepungua, lakini hakitaidhinisha fedha za vipuri.

Kisha zunguka na mafundi wako chumba kwa chumba, mwandike kila kifaa: lifti, jenereta, pampu, viyoyozi, kilifungwa lini, dhamana inaisha lini, koki ya kufungia maji ya kila ghorofa iko wapi. Mengi ya hayo wanayajua wao tu, na fundi akistaafu huondoka nayo. Waambie wazi kwamba mfumo bila wao ni mtupu, kisha wafundishwe kupokea na kufunga kazi kwa simu zao, kwa Kiswahili.

Kwa mzabuni msiwe na haraka. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia TEHAMA serikalini. Ombeni ushauri wao kabla ya kusaini. Mzabuni naye ajibu kwa maandishi: mkataba ukiisha, taarifa zitabaki kwa nani? Ada ya mwaka wa pili ni kiasi gani? Intaneti ikikatika, fundi ataendeleaje? Kama kuna kamera au kadi za kuingilia, ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Linalonisumbua zaidi ni bajeti. Watu wakiweza kuripoti kwa simu, taarifa zitaongezeka. Wasipomwona fundi, wataacha, na mfumo utakufa ukiwa mpya. Kwa hiyo ombeni kwanza fungu la vipuri, hata dogo. Jaribuni ghorofa moja, maji peke yake, kwa miezi mitatu. Siku za kusubiri zikipungua, ongezeni ghorofa ya pili. Zisipopungua, mzabuni asubiri.