Maji na Barabara ya Lami

Watu wengi hudhani ya kuwa barabara ya lami huharibiwa na malori tu. Uzito una sehemu yake, lakini sisi twaona adui mkubwa ni maji, maana hufanya kazi yake kwa siri.

Katika uzito wa tabaka la lami, kadiri ya sehemu 95 katika 100 ni kokoto na mchanga. Lami yenyewe, iliyo gundi yake, ni kama sehemu 5. Mawe mengi hushikana na maji kuliko lami, hasa matale. Basi maji yakipenya nyufani, hujiingiza kati ya jiwe na lami, yakaivua kama ganda. Na kila gurudumu lipitalo huyasukuma ndani zaidi. Mara nyingi huanzia chini, juu kungali kuzuri, hata siku moja shimo likatokea.

Jiwe la chokaa hushika lami vizuri zaidi. Penye matale, mafundi huchanganya chokaa iliyozimwa, sehemu 1 au 2 katika 100.

Lakini chokaa haisaidii sana mfereji ukizibwa kwa udongo wa shamba, maji yakalala ubavuni mwa barabara. Tope laini likitoka nyufani, au kokoto zisizo na lami zikitawanyika kando, mfereji uzibuliwe mara moja, na wenye kazi ya barabara wapewe habari kabla ya masika.