Kioo Kimetiwa Nini? Faiba kwa Joto la Tanga

Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa huganda. Ndiyo maana bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kuyaweka kwenye nyuzijoto zisizopungua 50 njia nzima. Huko Pongwe, tanuri la saruji huchoma malighafi hadi karibu nyuzijoto 1,450. Fundi anayetaka kufunga vihisi vya gretingi kwenye mazingira ya namna hiyo aanze na swali moja: kioo cha faiba kimetiwa nini?

Gretingi ni mistari iliyochorwa kwa mwanga ndani ya kiini cha faiba. Huakisi rangi moja tu, na joto likipanda rangi hiyo husogea, takriban pikomita 10 kwa kila nyuzi. Chanzo chake ni ugunduzi wa Ken Hill na wenzake huko Ottawa, Kanada, mwaka 1978: kioo chenye germaniamu hubadilika kikipigwa mwanga mkali.

Boroni ikiongezwa, uchoraji huwa mwepesi, na wauzaji huisifia kwa hilo. Lakini gretingi yake hufutika mapema, kwenye joto ambalo ile ya germaniamu pekee bado inalistahimili. Haidrojeni inayosukumwa ndani ya faiba kabla ya kuchora nayo ina gharama kama hiyo. Sababu ni kwamba mwanga huhamisha elektroni na kuzinasisha ndani ya kioo. Joto huziachia, zilizonaswa kwa ulegevu zikitangulia.

Kwa hiyo mimi huzioka gretingi kabla ya kuzifunga, kwenye joto linalozidi lile la kazini. Kwenye skrini kilele cha mwanga huporomoka haraka mwanzoni, kisha hushuka polepole mpaka kinatulia. Kisipotulia, usiifunge.

Angalia na ganda la nje: akrileti ya kawaida huishia karibu nyuzijoto 85, polimaidi hufika karibu 300.

Kwa bomba la mafuta, gretingi ya germaniamu iliyookwa inatosha kabisa. Kwenye tanuri, mahali ambapo joto halifikii lile la malighafi inayochomwa, zinahitajika gretingi zilizozaliwa upya kwa kupikwa. Mwaka 2008 kundi la John Canning, Australia, lilionyesha zinavuka nyuzijoto 1,200. Baada ya kupikwa faiba huvunjika kirahisi, hivyo ipitishe ndani ya mrija wa kauri na usiikaze ncha zote mbili.