Sauti za Lugha ya Kiurhobo

Kwa muda mrefu serikali ya kikoloni ya Waingereza nchini Nigeria iliwaandika Waurhobo kwa jina la "Sobo". Wenyewe hawakuliridhia, na mwaka 1938, kufuatia madai ya chama chao, Urhobo Progress Union, jina rasmi likawa Urhobo. Sikio lisilofunzwa huweza kuwapotezea watu hata jina lao. Basi na tuzichunguze sauti zenyewe.

Kiurhobo husemwa katika Jimbo la Delta, kusini mwa Nigeria. Ni ndugu wa karibu wa Kiisoko, na pamoja na lugha za Kibantu kimo katika jamii kuu ya lugha za Niger-Kongo.

Irabu. Kiswahili kina irabu tano. Kiurhobo kina saba, kama Kisukuma: i, e, ẹ, a, ọ, o, u. Katika kutamka ẹ na ọ kinywa hupanuliwa zaidi kuliko katika e na o.

Konsonanti. Sauti gh ni ile ya neno "lugha". Katika kp na gb, midomo na sehemu ya nyuma ya ulimi huziba hewa na kuiachia kwa wakati mmoja; kila moja ni konsonanti moja, si mbili. Katika vw, mdomo wa chini hukaribia meno ya juu pasipo mkwaruzo.

Jaribio. Weka vidole kooni utamke z, kisha s. Kwa z koo hutetemeka. Kwa s halitetemeki. Sasa tamka r, kisha uirudie kwa pumzi tu, bila mtetemo wa koo. Hapo umekaribia rh, sauti iliyomo katika jina Urhobo na isiyokuwamo katika "Sobo".

Toni. Kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno, ingawa maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni. Msomaji huongozwa na muktadha.

Aidha, nomino za Kiurhobo kwa kawaida huanza kwa irabu, nayo huweza kuonyesha idadi: ọmọ ni mtoto, emọ ni watoto.

Maswali
1. Linganisha ọmọ na emọ na maneno "mtoto" na "watoto". Ni sehemu gani ya neno inayobadilika?
2. Je, lugha ya nyumbani kwenu ina irabu ngapi? Thibitisha kwa mifano.