Kabla Hujaita Mkutano wa Maji: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya yanawahusu wanaotaka kuwaunganisha wanakijiji ili walinde maji yao wenyewe, hasa sisi wa Bonde la Pangani, ambako kuna mito inayotoka milimani ikiwa imejaa na kufika tambarare ikiwa mchanga mtupu. Nimekaa kwenye kamati za namna hii, na nyingi zilikufa mikononi mwetu. Sitazunguka.

Usianze na fulana. Kamati moja niliyokuwa katibu wake ilichapisha fulana 60 zenye maneno mazuri mgongoni kabla mtu yeyote hajakwenda kupima chemchemi. Miaka imepita, fulana zimekuwa matambara ya kudekia, na hadi leo hakuna anayeweza kusema maji yalipungua kwa kiasi gani.

Anza na ndoo ya lita 20 na saa. Kinga maji yote yanayotoka kwenye chanzo, hesabu sekunde mpaka ndoo ijae, rudia mara tatu, andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Ikijaa kwa sekunde 40, chanzo kinatoa lita 43,200 kwa siku. Sera ya Maji ya 2002 ilimhesabia mtu wa kijijini lita 25 kwa siku, kwa hiyo hapo pana maji ya watu 1,728. Rudini mwezi wa kumi. Ndoo ikichukua sekunde 60, mnabaki na lita 28,800, yaani watu 576 wamekosa maji bila bomba lolote kupasuka. Soma hesabu hiyo mkutanoni, kisha kaa kimya uwasikilize. Hotuba ya mazingira ya saa nzima haijawahi kuwatikisa watu kiasi hicho. Pimeni kila mwezi, na kazi hiyo wapeni wasichana na vijana wanaojua kuandika, maana wazee tunakadiria kwa macho na macho yetu yana upande.

Usiite mkutano wa watu wa chini peke yao. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Wenye shida ya maji wako chini, hivyo ni rahisi kuwakusanya. Wenye banio la kuelekeza maji mferejini wako juu, hawana haraka. Mkikutana bila wao, mnayoyaita maazimio wao watayaita njama. Wapare waliochimba ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana, hawakuendesha mambo kwa pampu wala kwa kufuli. Waliendesha kwa zamu, na zamu hiyo ilimbana wa juu sawasawa na wa chini. Panda mlima kwa miguu, nenda nyumbani kwa mwenye banio, kaa kwenye kigoda utakachopewa, kunywa utakachopewa. Uliza kwanza kwa nini anafungulia maji usiku. Huenda mfereji wake unavuja nusu ya maji njiani, na mkimsaidia kuuziba mtapata zaidi ya mtakachopata kwa kumshitaki.

Usilipe posho ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya wanakijiji. Hata kidogo. Mfadhili akija na bahasha ya kuwalipa watu kusafisha mfereji wao wenyewe, mwambieni anunue saruji. Siku posho itakapokoma, mfereji utajaa tope na watu watauangalia tu. Asiyefika bila sababu atozwe. Wagonjwa, wazee na mama aliyejifungua wasiguswe.

Usitoze faini isiyo na sheria ndogo nyuma yake. Najua mnamjua aliyelima kwenye kingo za mto. Lakini sheria ndogo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya ili iidhinishwe. Mkiruka hatua, mkosaji atashinda kesi na kijiji kizima kitacheka. Kwenye mita 60 hampaswi kubishana: Sheria ya Mazingira ya 2004 imekwisha kuzuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka kingo za mto. Pimeni kwa kamba mbele ya watu, wekeni vigingi.

Jueni mnaanzisha nini. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 ina jumuiya ya watumia maji, inayotunza na kugawa maji ya chanzo cha pamoja na kusuluhisha ugomvi. Mlango wake ni Bodi ya Maji ya Bonde. Sheria ya Huduma za Maji ya 2019, iliyozaa RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ina chombo cha jamii cha kuendesha mabomba na vituo vya kuchotea. Wengi huchanganya hivyo viwili, wanasajili kimoja na kujipa madaraka ya kingine. Ulizeni pia habari ya kibali cha kutumia maji kabla hamjachimba mfereji mpya.

Usipande mikaratusi kwenye chanzo. Ndiyo, inakua haraka. Inakunywa haraka vilevile. Pandeni mikuyu.

Usiwafukuze wafugaji. Wajengeeni mbauti chini ya chanzo, mbali na mahali pa kuchotea, ng'ombe wanywe pale. Mfugaji asiye na pa kunyweshea atapita usiku, na mlinzi wenu amelala.

Wanawake wasiwekwe kwenye kamati ili kupika chai. Wao ndio wanaojua kisima kipi hukauka kwanza na koki ipi hufungwa na nani saa ngapi. Mweka hazina awe mmoja wao. Risiti itolewe hata kwa shilingi mia tano, na mapato na matumizi yabandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji, si yasomwe harakaharaka jua likizama.

Usimpe mgombea kipaza sauti. Akitaka kusaidia, aje na jembe siku ya msaragambo, asimame kwenye mstari kama wengine. Chama chake kikipewa chanzo chenu, chama kingine kitakihama, na chemchemi haina kadi.

Na wewe uliyeanzisha, usizeeke kwenye kiti. Muda wa uongozi ukiisha, simama mbele ya mkutano mkuu, kabidhi daftari la vipimo, funguo za koki na muhuri, vihesabiwe kimoja kimoja. Kisha nenda nyumbani. Usirudi wiki inayofuata kama mshauri.