SOMO LA FAMILIA: NJIA YA JANGWANI

Mafungu ya kusoma: Kutoka 15:22–27, Hesabu 20:14–21, Kumbukumbu la Torati 8:1–5 na 10:17–19

 

Familia zetu zinazoishi Jinja na Mbale zimetuletea swali ambalo tumeona vema lijibiwe kwa wote, hata kwa ninyi mlio hapa kambini. Katika makanisa ya mijini hutangazwa safari za kikundi za kwenda Nchi Takatifu: Misri, Sinai, Yordani na Israeli. Wenye uwezo hujiandikisha, na wakirudi huitwa mbele kushuhudia. Ndugu zetu wanauliza: Je, sisi wakimbizi tumepungukiwa baraka kwa kuwa hatuwezi kwenda? Na je, ni vema kuuza mbuzi au mgao wa chakula ili tutoe malipo ya kwanza? Tulitazame Neno.

1. Safari hiyo ikoje?

Hatusemi kwamba safari hiyo ni mbaya. Kuona mahali husaidia kuelewa Maandiko. Makundi mengi huanzia Kairo, huvuka Mfereji wa Suez na kuingia jangwa la Sinai. Usiku hupanda Jebel Musa, mlima wa mita 2,285 ambao mapokeo ya kale huutaja kuwa ndio Horebu. Chini yake iko monasteri ya Mtakatifu Katarina, iliyojengwa karne ya 6. Ninyi wa Mbale mnaotazama Mlima Elgon kila asubuhi, jueni kwamba kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321, karibu mara mbili ya mlima huo. Lakini miteremko ya Elgon ina migomba, kahawa na mito. Kule ni mawe matupu. Ndipo msafiri huelewa kwa nini watu walimlilia Musa kwa ajili ya maji.

Kisha kundi huenda Yordani, hupita barabara iitwayo Njia ya Mfalme, husimama juu ya mlima Nebo mahali Musa alipoonyeshwa nchi, na kushuka hadi Bahari ya Chumvi, iliyo zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari. Gharama yake ni maelfu ya dola kwa mtu mmoja. Tena vita vilivyoanza Oktoba 2023 vilifanya makundi mengi yaahirishe safari, hata waliokuwa na fedha mkononi.

2. Waliopita kwanza hawakuwa watalii

Wana wa Israeli walitoka Misri kwa haraka, na unga uliokandwa haujatiwa chachu (Kutoka 12:39). Siku tatu hawakuona maji, na walipoyaona huko Mara yalikuwa machungu. Baadaye walifika mpaka wa Edomu wakaomba ruhusa ya kupita kwa Njia ya Mfalme, njia ile ile ya mabasi ya leo. Waliahidi wasiingie shambani mwa mtu, na wakinywa maji wayalipie. Mfalme alikataa, akawatokea na jeshi. Ikawabidi wazunguke.

Nani kati yetu haielewi habari hiyo? Sisi tuliopita Bunagana au Ishasha na watoto mgongoni hatuhitaji kuelezwa maana ya mpaka. Tena Hajiri alitangatanga katika jangwa la Beer-sheba hata maji ya kiriba yakamwishia (Mwanzo 21). Eliya alikimbia kuuawa, akaomba afe chini ya mretemu (1 Wafalme 19). Bwana wetu mwenyewe, angali mtoto, alibebwa usiku kwenda Misri kwa sababu mtawala alitaka kumwua (Mathayo 2).

Hata katika nyakati zetu njia hiyo imepitiwa na wakimbizi. Tangu mwaka 2006 hivi hadi uzio wa mpaka wa Israeli ulipokamilika mwaka 2013, makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waeritrea na Wasudani, walivuka Sinai. Wengi walitekwa humo na kuteswa ili jamaa zao walipe. Miaka iliyofuata baadhi ya waliofika Israeli waliletwa kwa ndege hadi Rwanda na hapa Uganda. Jangwa moja, mchana basi la mahujaji, usiku mama anayekimbia. Biblia iliandikwa kwa habari za yule mama.

3. Jangwa lilifundisha nini?

Kwanza, kumtegemea Mungu siku kwa siku. Mana ilipimwa kwa hesabu ya watu waliomo hemani, kama sisi tunavyohesabiwa siku ya mgao. Aliyelimbikiza iliharibika. Mungu aliwaonyesha kwamba uhai wao uko katika neno lake kuliko katika ghala.

Pili, kumpenda mgeni. Katika Torati 10:19 Mungu anawaagiza wampende mgeni, na sababu anayotoa ni kwamba wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Hakuwauliza wamezuru wapi. Aliwakumbusha walivyoishi. Kwa hiyo ushuhuda wa jangwa unaonekana bombani, familia mpya inapofika na jerikeni moja nasi tuko mbele kwenye foleni. Tukiwaambia, “Ninyi si wa kabila letu, subirini,” basi tumekuwa Edomu.

4. Je, tuko mbali na nchi hizo?

Mto Nili unatoka Ziwa Viktoria pale Jinja. Maji ya Mbale nayo, kwa mto Manafwa, hufika Ziwa Kyoga na kuungana nao. Sehemu kubwa zaidi ya maji yanayofika Misri hutoka Ethiopia, lakini ya Jinja yamo. Katika mto huo mtoto Musa aliwekwa ndani ya kisafina, naye alikuwa mtoto wa watu walioonewa. Atekaye maji hapo na afurahi.

5. Shauri letu

Msiuze chakula cha watoto kwa ajili ya safari. Wokovu haupimwi kwa muhuri wa pasipoti. Ambaye kweli amejaliwa fedha, ajue kwamba mkimbizi huhitaji hati ya kusafiria kwa mujibu wa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, tena na viza ya kila nchi. Hati hiyo huombwa serikalini kwa njia ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Wala haipatikani kwa mtu wa barabarani. Akija mtu anayesema safari ni ya maombi, kisha akaongeza kwamba huko iko kazi na hakuna haja ya kurudi, msimpe fedha, kadi ya mkimbizi wala binti yenu. Mleteni habari zake kwa wazee wa kanisa mapema.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Mungu alitupatia nini njiani tulipokuwa hatuna kitu? Kila mmoja ataje jambo moja, watoto pia.
2. Edomu waliogopa nini? Sisi huwaogopa nani?
3. Ni familia gani mpya karibu nasi ambayo haijatembelewa? Nani ataenda, na siku gani?

Tuombe: Ee Mungu uliyeisikia sauti ya mtoto wa Hajiri jangwani, sikia na sauti za watoto wetu. Utupe cha leo, na moyo wa kukigawa. Katika jina la Yesu, Amina.

Mungu awabariki.